Kupanda Mlimani

Bahasha ilifika kiwandani saa nne asubuhi, siku ya Ijumaa, na ilipotimu saa nne na dakika tano msahihishaji alikuwa amekwisha kuitukana ofisi yote ya misitu, kuanzia mlinzi wa getini mpaka mkubwa wao, bila kufungua mdomo. Alikuwa bingwa wa kutukana kimyakimya. Miaka ishirini na sita alikuwa amekaa kwenye chumba kile cha nyuma cha kiwanda cha uchapaji, dirisha linatazama ukuta, taa ya shingo ndefu juu ya meza, akisoma makosa ya watu wengine. Vitabu vya shule, kadi za harusi, fomu za benki, vyote vilipita chini ya kalamu yake kabla ya kwenda mtamboni. Wapiga chapa walimwita Kalamu Nyekundu. Alijua, na wala hakuona kama ni jina baya.

Barua yenyewe ilikuwa fupi. "Ofisi imepokea kwa furaha kubwa ombi lenu la kupanda mlimani. Mmetengewa kitalu namba nne, upande wa chini wa msitu, siku ya Jumatatu, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa saba mchana. Miche mtapewa. Majembe mje nayo. Tunawashukuru kwa moyo wenu wa kujitolea."

Akaisoma mara ya pili, maana kazi yake ilikuwa kusoma mara mbili. Majembe! Yeye aliomba siku saba za kuvuka msitu na kupita juu ya mlima kwa miguu, akajibiwa kwa saa tano za kuchimba mashimo. Damu ikamchemka mpaka masikioni.

Na hasira zake zilikuwa na haki, asikwambie mtu. Mlima ule ulionekana kutoka ghorofa ya juu ya kiwanda asubuhi za baada ya mvua, bluu, umekaa kando ya kila kitu, hauna habari na mtu. Yeye alikuwa amesahihisha kitabu cha jiografia cha darasa la sita matoleo manne, na sura ya msitu wa mvua aliijua kwa kichwa: miti inayofungiana matawi mpaka mchana unakuwa giza, ruba wanaopenya kwenye soksi, mawingu unayoyaacha chini ya miguu ukishatoka kwenye miti. Alijua kila kitu cha msitu ule isipokuwa harufu yake. Umri wake ulikuwa miaka hamsini na mmoja. Safari ndefu kuliko zote aliyowahi kwenda ilikuwa ya kumzika mama yake.

Kampuni za kupeleka watu mlimani zilikuwapo, tena nyingi, zenye wapishi na wapagazi na hema lenye meza ndani. Bei zao, kwa msahihishaji na mdogo wake fundi wa friji, zilikuwa tusi. Lakini sheria iliruhusu pia watu wawili au zaidi waingie wenyewe, wabebe vitu vyao, walale walikofikia, ilimradi wana kibali. Iliruhusu, yaani kwa vibali vya mwisho vya Ijumaa hiyo. Kuanzia mwezi uliofuata mlima ungekuwa wa kampuni tu, tangazo lilikuwa limebandikwa tangu mwaka uliopita. Ukiikosa Ijumaa hiyo, mlima ungeuona kwa macho kutoka ghorofani mpaka unaingia kaburini.

Kwa hiyo walikuwa wamejiandaa miaka miwili, yeye na mdogo wake. Huyo mdogo wake ndiye fundi wa friji, mwanamume wa miaka arobaini na mitatu, ambaye yeye dada mtu alimlea tangu mama yao alipofariki, mmoja akiwa na miaka kumi na tisa na mwingine kumi na mmoja. Ramani waliinakili wenyewe kwenye karatasi nne zilizounganishwa kwa utepe wa gundi. Siku ya kwanza mpaka kwenye mto wa pili. Siku ya tatu kutoka kwenye miti. Ya nne na ya tano juu mgongoni. Ya sita kuteremka upande wa pili. Ya saba kutokea barabarani na kusubiri basi. Mabegi aliyashona dada kutokana na mabango ya matangazo yaliyochapwa vibaya kiwandani. Turubai walilokuwa nalo ndilo lingekuwa hema. Mdogo wake alitengeneza jiko la spiriti kwa kopo la rangi, dogo kuliko kikombe, likachemsha maji kwa dakika tisa, na siku hiyo alijipiga kifua mpaka dada akamwambia basi, tumeona.

Mazoezi walifanyia kwenye ngazi za kiwanda, ghorofa saba juu, ghorofa saba chini, kila mmoja na bunda la karatasi mgongoni. Mlinzi alikuwa akiwauliza wanahama kwenda wapi.

Walikuwa wakigombana, bila shaka. Orodha ya vitu aliiandika dada, akaisahihisha mara kumi na moja, maana kila kitu kingebebwa mgongoni na mgongo hauna huruma. Mchele ulipungua, sukari ikapungua, taulo la pili likaondoka. Mdogo wake alipoachiwa orodha hiyo mchana mmoja aliongeza neno moja chini kabisa, kwa mwandiko wake wa kuparua: "kalata". Dada alipoliona aliibadilisha kwanza ile l ikawa r, kisha ndipo akalifuta neno zima.

"Sasa kama unalifuta, umelisahihisha la nini?" mdogo wake aliuliza.

"Kosa ni kosa hata likienda jalalani."

Barua ya kuomba kibali aliiandika yeye mwenyewe, kwenye karatasi nzuri, akaisoma mara nne. Kwa kuwa ofisi ya misitu hufungwa kabla kiwanda hakijatoa watu, alimpa mdogo wake aipeleke. Aipeleke tu. Mdogo wake alirudi anacheka. "Nimekaribishwa kiti! Karani nimemchekesha, nimemweleza na kwa mdomo pia."

"Kwa mdomo nani kakutuma?" dada alimuuliza siku ile.

Basi Ijumaa hii, barua ya majembe ikiwa mkononi, msahihishaji hakuhitaji kutafuta mkosaji. Alimjua. Alimjua tangu akiwa na miaka kumi na mmoja, anatumwa chumvi anarudi na mpira. Akazima taa yake ya shingo ndefu, akatoka bila kuomba ruhusa kwa mtu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aajiriwe.

Karakana ya mdogo wake ilikuwa chumba kimoja chembamba chenye mlango wa bati, friji saba zimesimama milango wazi zinaonyesha utupu wake, harufu ya gesi na kutu. Juu ya kreti lililogeuzwa alikaa mama mwenye duka la vinywaji, mkoba mapajani, anasubiri friji yake. Fundi mwenyewe alikuwa amelala kifudifudi sakafuni, tochi mdomoni, mkono umezama nyuma ya mashine. Aliona viatu vya dada yake, akaitoa tochi.

"Shikamoo, dada."

Dada hakuitikia. Hilo peke yake lilitosha kumfanya mama mwenye duka ainue kichwa.

"Uliwaambia nini wale watu?"

"Watu gani?"

"Soma!"

Akainuka, akajifuta mikono kwenye suruali, akaisoma barua polepole, midomo inacheza. Alipofika kwenye majembe alianza kucheka. Si kicheko cha dharau, bali ndicho kicheko chake cha siku zote, cha tumboni, mpaka akashika mlango wa friji asianguke. "Majembe mje nayo! Dada, majembe mje nayo!" Mama mwenye duka, ambaye hakujua chochote, naye akaanza kutabasamu.

Hapo ndipo simile ilipomwisha msahihishaji.

"Cheka. Wewe maisha yako yote ni kucheka. Nilikupa barua moja. Moja! Kazi yako ilikuwa kuiweka mezani na kuondoka, mtoto wa darasa la kwanza angeiweza. Wewe ukaenda kupiga domo na makarani!"

"Dada, barua niliitoa kama ulivyonipa. Akaniuliza mnataka kupanda, nikamwambia ndiyo. Basi."

"Basi! Miaka miwili, basi! Kitu gani umewahi kukishika wewe kikafika salama? Kitu gani? Ndiyo maana hata mkeo aliondoka. Nani angekaa na mtu wa namna hii?"

Friji iliyokuwa ikijaribiwa ikaanza kunguruma peke yake kwenye kona. Mama mwenye duka akafungua mkoba wake, akawa anatafuta ndani kitu ambacho hakikuwamo. Fundi aliikunja ile barua kwenye mikunjo yake ileile, akamrudishia dada yake, akaokota bisibisi.

"Umemaliza?"

"Sijamaliza."

"Basi kamalizie nje. Huyu mama anasubiri friji yake."

Akatoka. Mpaka kwenye kona ya kwanza alijisikia mwepesi, ametua mzigo. Kwenye kona ya pili akaanza kujibu hoja ambazo hakuna mtu aliyemtolea: kwamba kweli haichagui pa kusemewa, kwamba mtu akikosea lazima aambiwe, kwamba kama si yeye nani angemwambia. Alijibishana hivyo njia nzima na kila mara alishinda, lakini ushindi wenyewe haukukaa.

Ofisi ya misitu ilikuwa na benchi mbili na foleni ya watu wanane. Wote walikuwa na mabegi na wote walikuwa na uso wa mtu aliyewahi siku ya mwisho. Alikaa. Ukutani palikuwa na tangazo lenye makosa matatu, akayaona yote matatu bila kutaka. Foleni ilitambaa. Karani alikuwa mzee wa makamo, miwani imefungwa kamba shingoni, anaandika kila kitu mara mbili, kwenye fomu na kwenye daftari kubwa. Zamu ya msahihishaji ilipofika ilikuwa inakwenda saa nane. Akaibamiza barua mezani.

Karani aliivaa miwani, akaisoma, uso ukamchangamka. "Aa! Ninyi ndio wa kupanda! Karibu sana, dada yangu. Majembe mmepata?"

"Mimi sikuomba majembe. Mimi niliomba kupanda mlima."

"Ndiyo, kupanda."

"Kupanda! Kukwea! Kwa miguu!"

Watu wa kwenye benchi wakaacha mazungumzo yao. Karani hakubishana. Alifungua kabati, akapekua faili, akatoa ile karatasi nzuri ya kiwandani, akaisoma kwa sauti, polepole, kama ofisi nzima imeomba kusikia.

"'Sisi ndugu wawili tunaomba ruhusa ya kupanda mlimani kwa kupitia msituni, kwa muda wa siku saba, kwa gharama zetu wenyewe na kwa vifaa vyetu wenyewe, bila kutegemea kampuni yoyote.' Sahihi yako hii hapa." Akaishusha miwani. "Wiki ile tulikuwa na vikundi vinne vya kupanda miti. Nikasema jamani, hawa ni wawili tu, siku saba watachoka. Tukawapa moja."

"Mtu yeyote anajua maana ya kupanda mlimani!"

"Inaweza kuwa kukwea. Inaweza kuwa kupanda miti huko mlimani. Ungeandika kupanda mlima nisingeuliza kitu, mlima unapandwa kwa miguu. Mlimani ndiko tunakopanda miche." Kisha akaongeza, bila ubaya wowote, "Na kaka yako nilimuuliza. Nikamwambia, mnataka kupanda kweli? Akasema hamu yetu kubwa ni kupanda. Nikamwambia Mungu awabariki."

Mtu mmoja kwenye benchi akacheka, akajikohoza.

Kupanda. Neno lenyewe halina hata haya. Watu hupanda mahindi, hupanda ngazi, hupanda basi, hupanda vyeo. Bei hupanda, homa hupanda, hasira hupanda. Kinachozitenganisha maana zote hizo ni maneno yaliyokaa jirani, na kulinda majirani wa neno ndiyo kazi iliyomlisha yeye miaka ishirini na sita. Akakumbuka vizuri kabisa. Mara ya kwanza alikuwa ameandika "mlima". Ni katika kuisoma mara ya tatu ndipo alipoona kwamba "mlimani" na "msituni" zinaitikiana vizuri, sentensi inatembea, akaongeza herufi mbili. Alizipenda sana. Alijisomea hata kwa sauti.

"Kwa nini hamkunipigia simu kuuliza?" Sauti yake ilikuwa imeanza kutafuta mtu mwingine wa kumkalia.

"Kuuliza nini? Barua haina kosa hata moja. Niliwaambia hata wenzangu, huyu mtu anaandika vizuri."

Hilo lilimchoma kuliko yote. Hapo hasira zake zilizunguka ofisi ile zikikosa pa kutua. Karani alikuwa amesoma kilichoandikwa. Mdogo wake alikuwa amebeba alichopewa na kujibu alichoulizwa. Alibaki yeye, na yeye hakuwa na mazoea ya kujikasirikia. Hakujua hata pa kuanzia.

"Bado unaweza kupata," karani alisema, akamsukumia fomu mpya. "Jaza hii. Siku saba, kuvuka. Lakini wote wawili msaini mbele yangu, na mtu mmoja peke yake hatumruhusu. Saa tisa na nusu nalifunga daftari, na kwa wasio na kampuni nalifunga moja kwa moja."

Saa ya ukutani ilisema saa nane na dakika ishirini. Akatoka kwenye kibaraza, akampigia mdogo wake. Simu iliita mpaka ikakata. Akapiga tena, na tena.

Akaanza kuandika ujumbe. Wa kwanza ulikuwa mrefu, unaeleza jinsi neno lilivyo na maana mbili na jinsi ambavyo mtu yeyote angeweza kuteleza, akaufuta. Wa pili ulisema "tumekoseana". Akaufuta huo pia, maana hata yeye aliona ni uongo. Dakika zilikuwa zinakwenda. Mwisho akaandika: "Barua nilikosea mimi. Si wewe. Njoo usaini kabla ya saa tisa na nusu, tafadhali." Akautuma bila kuusoma tena. Kisha akarudi kwenye benchi, akajaza sehemu yake ya fomu, akakaa anautazama mlango.

Alikuja saa tisa na robo, kofia ya pikipiki kwapani, mafuta bado mikononi. Hakusema shikamoo. Alipita mbele ya benchi, akasimama mezani.

"Nasaini wapi?"

Karani akamwonyesha. Fundi akashika kalamu, kisha akailaza. Akamgeukia dada yake, na uso wake haukuwa na kicheko popote.

"Ulinisema mbele ya mteja wangu. Yule mama atasimulia mtaa mzima. Hapa nako kuna watu. Sema ulichoniandikia."

"Tutaongea nyumbani."

"Sema hapa."

Watu sita walikuwa wamebaki kwenye benchi, na hakuna hata mmoja aliyejifanya kuangalia kwingine. Msahihishaji akasimama.

"Barua niliikosea mimi. Neno niliweka mimi. Yeye aliifikisha salama. Na yale ya mkewe sikuwa na haki kuyasema, nisamehe, lakini na wewe ulipocheka pale..."

"Futa 'lakini'."

Akamwangalia. Hakuna mtu aliyewahi kumwambia afute kitu.

"Nisamehe," alisema. Likatoka dogo, likakaa hapo peke yake.

Fundi akachukua kalamu, akasaini, akaanza kujaza. Umri, kazi, ugonjwa wowote. Alipofika kwenye mstari wa chini aliandika haraka, kwa mkono uliozoea. Karani akaichukua fomu, akaisoma, akaigeuza.

"Hapa panataka mtu wa kujulishwa mkipata ajali. Umemwandika huyu dada."

"Ndiye ninayemwandika siku zote."

"Lakini ndiye unayekwenda naye. Mkianguka mtaanguka wote. Niandikie mwingine."

"Hana mwingine," dada akajibu. "Mwandikie huyu niliyemwandika mimi, ni msimamizi wetu pale kiwandani, atapiga simu panapohusika."

"Nimeulizwa mimi," mdogo wake alisema.

Akatoa simu. Hakutafuta jina, namba aliibonyeza yote kwa kidole, tarakimu baada ya tarakimu, macho yakiwa kwenye saa ya ukutani iliyobakisha dakika tisa. Simu yake spika ya sikioni ilikwisha kufa zamani, na fundi wa friji hatengenezi simu, kwa hiyo ilipopokelewa sauti ilitoka nje, ikasikika mpaka mlangoni. Dada mtu aliitambua kabla haijamaliza kusema haloo. Hakuwa ameisikia miaka sita.

"Mzima wewe?" ile sauti iliuliza.

"Mzima. Samahani kukushtua. Naomba nikuandike kwenye fomu. Mtu wa kujulishwa, kama nikipata ajali. Naingia msituni kule, navuka na mlima."

"Umeupata mlima wako! Niandike, usijali. Ila mimi nilidhani hapo huwa unamwandika wifi."

"Anakwenda na mimi. Tuko wawili tu."

Fundi aliisogeza simu karibu na mdomo.

"Siku ngapi?" ile sauti iliuliza.

"Saba."

"Saba," alirudia. Hakukuwa na kejeli ndani yake, na afadhali ingekuwapo. Alisema kama mtu anayempa pole mgonjwa. "Jikaze. Mimi nilijaribu miaka minne, nikashindwa. Mtu anakuja kila siku ndani ya nyumba yako, sufuria umepanga vibaya, mume hulishi vizuri, hata salamu yako anakurekebishia. Wewe ni ndugu yake, labda utaweza. Haya, nendeni salama."

"Ahsante," fundi alisema, akakata. Akaandika jina na namba kwenye mstari wa chini. Karani akachukua mhuri, akagonga mara mbili, kwenye fomu na kwenye daftari. Hakuna aliyekohoa kwenye benchi. Wengine walikuwa wameanza kutazama viatu vyao.

Dada alichukua kibali. Watu wawili, siku saba kuanzia Jumatatu, kuingia geti la chini, kutokea upande wa pili. Ndicho alichokitaka miaka miwili, na alikishika kwa mikono yote miwili mpaka nje, asijue anakibeba vipi.

Kibarazani mdogo wake alikuwa anavaa kofia ya pikipiki.

"Utakuja Jumatatu?" dada alimuuliza.

"Nimesaini. Mlima nautaka mimi pia."

"Wewe uliniambia mlishindwana tu. Ulisema mambo ya ndani."

"Yalikuwa ya ndani. Na wewe ulikuwa ndani."

"Miaka sita!" Hasira ilimrudia ghafla, akaipokea karibu kwa shukrani, maana hasira aliijua. "Miaka sita unaniacha nazunguka na maneno yangu, mpaka leo nakutukana kwa kosa langu mwenyewe mbele za watu! Kwa nini hukuniambia?"

Mdogo wake alifunga mkanda wa kofia chini ya kidevu, akapanda pikipiki.

"Ungenisahihisha."

Msahihishaji akafungua mdomo kumwambia kwamba si kweli. Neno lilikuwa limekwisha kufika ulimini. Akaufunga mdomo.